Majumba ya Sinema na Watazamaji wa Nyanda za Kati

Majumba ya sinema nchini Tanzania hayakufa kwa kukosa watazamaji, kama inavyodaiwa mara kwa mara, bali yalidhoofika kwa sababu mfumo uliosafirisha filamu na kuzitunza kumbi ulivunjika hatua kwa hatua, na pengo lililoachwa linaikabili leo Dodoma, mji uliopewa hadhi ya makao makuu lakini ambao bado unatafuta maisha yake ya jioni.

Katika enzi ya kumbi hizo, filamu ilikuwa mafungu mazito ya mikanda ya milimita 35, na nakala moja ilizungushwa kutoka mji hadi mji, kiasi kwamba gharama ya kuiagiza iligawanywa kati ya kumbi nyingi na hata mji mdogo wa bara uliweza kuonyesha kile kilichokwisha kutazamwa pwani. Mzunguko huo ulihitaji wamiliki wenye uhakika wa jengo, fedha za kigeni na vipuri. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iliwageuza baadhi ya wamiliki kuwa wapangaji katika kumbi walizozijenga wenyewe; uagizaji wa filamu ulikabidhiwa Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968; na uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 ulikuta mashine zimechakaa huku kanda za video zikiingia majumbani. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kumbi nyingi zilikuwa tayari zimeelekea kuwa maghala, maduka na makanisa.

Hata hivyo watazamaji hawakutawanyika. Walihamia kwenye vibanda umiza, yaani vyumba vidogo vyenye mabenchi, televisheni na deki, ambamo kiingilio ni kidogo na ratiba huchanganya filamu na mechi za mpira. Humo ndimo ilimostawi sanaa ya kutafsiri filamu za kigeni kwa sauti ya msimulizi, ambaye Lufufu ni mfano wake maarufu. Msimulizi huyo hakutafsiri maneno tu, bali alieleza visa, akawapa wahusika tabia za mitaani na kumwezesha asiyejua Kiingereza wala Kihindi kuifuata hadithi hadi mwisho. Sanaa hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwa kuwa ndiyo iliyoilea hadhira ambayo baadaye ilizipokea filamu za Bongo, ambazo nyingi ziliuzwa moja kwa moja kwa kanda na diski bila kupitia ukumbi wowote.

Dodoma ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuzimiwa mitambo ya televisheni ya analojia, mapema mwaka 2013, na king'amuzi, pamoja na simu, kikazidi kuwaweka watu nyumbani. Lakini mji wenyewe umebadilika: Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, hadhi ya jiji ilitangazwa tarehe 26 Aprili 2018, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 765,179. Wanafunzi na watumishi waliohamia bila familia ni hadhira ambayo mji wa zamani haukuwa nayo.

Teknolojia nayo imepunguza mzigo, kwani filamu sasa huletwa kama faili lililofungwa kwa ufunguo wa kielektroniki unaofanya kazi kwa muda uliokubaliwa, hivyo hakuna tena mikanda ya kusubiri. Filamu kama Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilitengenezwa kwa ajili ya pazia kubwa, na ni hasara kwa mkazi wa Kondoa au Manyoni kuijua kwa simu pekee. Kinachoamua kama ukumbi utarudi ni masharti ya biashara: ukumbi wa viti mia moja hauwezi kulipa kodi ya pango inayolipwa na duka kubwa, hivyo jiji lingeanza kwa kukikodisha kiwanja chake kwa bei ya huduma ya jamii, na wasambazaji kwa kupokea sehemu ya mapato ya mlangoni badala ya kudai malipo ya awali.