Mgongo unauma? Jua kwanza anayekugusa amesomea nini

Suma, Rungwe. Mchuma chai anainama tangu asubuhi huku kapu mgongoni likizidi kuwa zito. Mama anapandisha kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Kijana wa bodaboda anateremka barabara yenye utelezi, nyuma kafunga magunia mawili ya viazi.

Jioni, wote watatu wanaweza kuwa na lalamiko moja: kiuno.

Wapo wanaokandwa na maji ya moto. Wapo wanaonunua dawa ya kuchua, au wanaomfuata mzee anayejua kunyoosha viungo. Na siku hizi wapo wanaoangalia klipu kwenye simu: mtu kalazwa kitandani, shingo inazungushwa, inalia "ka!", anainuka akicheka.

Tiba hiyo ya kwenye klipu mara nyingi huitwa kiropraktiki. Ila klipu haikuonyeshi jambo kubwa zaidi: anayezungusha shingo amesomea nini, na alijuaje kama shingo ile ni salama kuguswa?

Kiropraktiki ni nini?

Ni fani inayoshughulika na matatizo ya mifupa, misuli, viungo na neva, hasa ya uti wa mgongo, na kwa sehemu kubwa hutumia mikono. Ilianzia Davenport, Marekani, mwaka 1895, pale D. D. Palmer alipomtibu Harvey Lillard. Miaka miwili baadaye Palmer alifungua shule.

Waanzilishi waliamini karibu kila ugonjwa unatokana na pingili za mgongo kukaa vibaya. Sayansi haikuthibitisha hilo. Kilichobaki na ushahidi ni matumizi yake kwenye maumivu, hasa ya mgongo. Mwishoni mwa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono kati ya njia zinazoweza kutumika kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa.

Na ile "ka!" je? Si mfupa unaorudi mahali pake. Ni mapovu ya gesi kwenye majimaji ya kiungo. Sauti ikitoka haimaanishi umepona, na isipotoka haimaanishi tiba imeshindwa.

Darasani wanasoma nini?

Mwaka 2005 WHO ilitoa mwongozo wa mafunzo ya fani hii. Kwa mwanafunzi anayeanza mwanzo kabisa, mwongozo unataka saa zisizopungua 4,200 za masomo na mwalimu, ndani ya miaka minne ya kusoma muda wote. Kati ya hizo, angalau saa 1,000 ziwe za kuhudumia wagonjwa huku msimamizi akiangalia.

Tanzania haina chuo kikuu kinachojulikana kwa kufundisha shahada ya kiropraktiki. Barani Afrika, vyuo vinavyojulikana zaidi kwa fani hii viko Afrika Kusini: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg. Huko mwanafunzi husoma hadi shahada ya uzamili, takriban miaka sita.

Miaka ya mwanzo ni mwili wenyewe: mifupa, misuli, neva inapita wapi, damu inafikaje kichwani. Halafu magonjwa na kusoma picha za eksirei. Baadaye ndiyo mikono inaanza kufundishwa, tena wanafunzi wakifanyiana wao kwa wao kabla ya kupewa mgonjwa.

Kugonga goti si mchezo

Sehemu ngumu zaidi ni kutambua ugonjwa, na inaanza kwa kuuliza. Maumivu yalianza lini? Yanashuka mguuni? Yanakuamsha usiku? Umepungua uzito? Haja ndogo inatoka kawaida?

Kisha vinakuja vipimo vidogo ambavyo mgonjwa anaweza kuviona kama mchezo. Kila kimoja kina maana.

Ukilala chali, mguu ukainuliwa ukiwa umenyooka na maumivu yakapiga mpaka chini ya goti, kuna uwezekano neva ya kiunoni imebanwa. Ukishindwa kuinua kidole gumba cha mguu, anashuku neva ya tano ya kiuno. Kano ya nyuma ya kisigino ikigongwa na mguu usishtuke, huku una ganzi pembeni mwa unyayo, anafikiria neva iliyo chini ya hiyo. Goti lisiporuka, anapanda juu kidogo.

Yaani kabla ya kupiga picha yoyote, mtu aliyefundishwa vizuri anaweza kukisia tatizo liko pingili ipi. Na mara nyingi picha haihitajiki. Kati ya watu 10 wenye maumivu ya kiuno, karibu tisa hawana ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kuonyeshwa kuwa chanzo. Hao wanahitaji kuendelea kutembea, kufanya mazoezi na kupewa maelezo yanayowaondolea hofu.

Yule wa kumi

Shida ni yule mmoja aliyebaki. Kwa sababu yake mwanafunzi anasoma miaka yote hiyo.

Chukua mfano wa mchuma chai ambaye mgongo umemuuma miezi mitatu. Kila mtu anajua sababu: kapu. Lakini usiku anatoka jasho, nguo zinampwaya, homa inakuja na kuondoka. Hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo. TB haishambulii mapafu tu. Ikiingia kwenye pingili huzila taratibu, mgongo unaweza kuota kinundu, na uti wa fahamu ukibanwa miguu inapooza.

Mgongo kama huo ukikandamizwa kwa nguvu, pingili iliyooza inaweza kuporomoka. Lakini TB ina dawa, na kwenye vituo vya serikali nchini matibabu yake ni bure. Kati ya kupona na kupooza, kinachoamua kinaweza kuwa yale maswali mawili matatu yaliyoulizwa mapema.

Ni hivyo hivyo kwa mzee ambaye saratani ya tezi dume imesambaa hadi mifupani, mama ambaye mifupa yake imekuwa dhaifu kwa umri, au kijana wa bodaboda aliyeanguka jana na hajui kama pingili imevunjika. Shingo nayo ina mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini mishipa hiyo ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi.

Kwa hiyo somo kubwa la fani hii ni kujua wakati wa kutomgusa mgonjwa na kumwandikia rufaa.

Rungwe, uanzie wapi?

Hapa nchini kazi nyingi ya aina hii hufanywa na wataalamu wa fiziotherapia. KCMC, Moshi, imewafundisha kwa miaka mingi, na leo inatolewa hadi shahada. Nao wanajifunza kupima neva, misuli na viungo.

Kwa mtu wa Suma, njia ni kuanza zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya ya Makandana pale Tukuyu. Ikihitajika, rufaa inakwenda Mbeya, takriban kilomita 70. Matatizo makubwa ya uti wa mgongo hufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Nenda hospitali haraka, usisubiri kukandwa, ukiona:

• Huwezi kukojoa, au haja inatoka bila kujijua
• Ganzi sehemu za siri au unapokalia
• Mguu unazidi kuishiwa nguvu
• Maumivu baada ya kuanguka au ajali
• Homa, jasho la usiku au kukonda pamoja na maumivu ya mgongo
• Umewahi kuugua saratani

Na mtu yeyote akitaka kukunyoosha mgongo, muulize mambo matatu: umesoma wapi na kwa muda gani, umesajiliwa na baraza gani, na ni mgonjwa wa aina gani huwa humgusi?

Akijibu kwamba yeye anatibu wote, shuka kitandani, vaa viatu, ondoka.