Ini la Maabara: Je, Tungojee?

Leo tutazungumzia ini. Wengi huniuliza kliniki: "Sista, ni kweli siku hizi ini linakuzwa maabara? Mgonjwa wetu angojee hilo?" Tusikilizane hatua kwa hatua.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Huvunja sumu na dawa, huweka akiba ya sukari, na husaidia damu kuganda mtu akijikata. Likiharibika kabisa, tiba ni kupandikizwa ini au kipande cha ini kutoka kwa mtu mwingine. Wanaohitaji ni wengi, wanaotoa ni wachache. Ndiyo maana wataalamu wanajaribu kulikuza.

Shida iko wapi? Fikiria shamba la sukuma wiki wakati wa kiangazi. Miche iliyo kando ya mfereji hunawiri, lakini ile isiyofikiwa na maji hukauka. Seli za ini ni vivyo hivyo. Kila seli inahitaji mshipa mdogo wa damu karibu nayo, chini ya milimita 1, uiletee oksijeni na chakula na kuondoa taka. Kipande kinene kisicho na mishipa hufa kuanzia katikati.

Mwaka 2013 huko Yokohama, Japani, Takanori Takebe na wenzake walichanganya aina tatu za seli za binadamu, zikiwemo za kujenga mishipa. Zilijikusanya zikawa machipukizi ya ini ya milimita chache tu. Walipoyapandikiza katika panya, mishipa yake iliungana na ya panya kwa muda wa siku mbili, na damu ikapita.

Mwaka 2021, watafiti wa Wake Forest huko Marekani walishinda shindano la NASA, shirika la safari za anga. Walitumia mashine kuchapisha jeli yenye vijia ndani yake, wakapanda seli humo. Kipande cha ini chenye unene wa sentimita 1 kiliishi siku 30.

Hiyo ni hatua kubwa. Lakini pima mwenyewe: sentimita 1, siku 30, tena ndani ya maabara. Bado si ini zima la kumwekea mgonjwa. Kwa hiyo usiuze ng'ombe umlipe mtu anayekuahidi ini la maabara.

Tunza ulilo nalo:

1. Mtoto apate chanjo za wiki 6, 10 na 14. Ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B.

2. Wembe mmoja, mtu mmoja, hata msimu wa tohara ya wavulana.

3. Kausha mahindi vizuri, na yenye ukungu usile. Mwaka 2004 sumu ya ukungu huo, aflatoksini, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

4. Achana na chang'aa.

Ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa, au tumbo limejaa maji, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ini likiwahiwa mapema huweza kujijenga tena lenyewe.

Kwaherini, na kumbukeni: kinga ni bora kuliko tiba.