Bibi asibaki garini: Kuitembeza familia kwenye miji ya kale na makasri ya Ujerumani

UKIALIKWA na mtoto au ndugu anayeishi Ujerumani, huenda ukaambiwa njoo mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Joto la kiangazi limepungua, barafu haijaanza, na miti ya milimani imegeuka njano, nyekundu na rangi ya kahawia. Kwetu miezi hiyo tunasubiri mvua za vuli. Kwao ni msimu wa majani kupukutika. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani kwenye majani, na rangi ya njano iliyokuwa imefichwa chini yake ndipo inapoonekana.

Ni msimu mzuri wa kuingia garini na kwenda kuona miji ya kale na makasri. Lakini familia inayombeba mzazi wa miaka 60 na kitu, mwenye presha, sukari au magoti yanayouma, inahitaji kupanga zaidi ya mafuta na hoteli. Makasri yalijengwa juu ya vilima makusudi, ili adui apate shida kuyafikia. Shida hiyo leo anaipata bibi.

Oktoba mwaka jana nilipita njia maarufu iitwayo Romantische Straße nikiwa na mama yangu, dada yangu anayeishi huko, shemeji na watoto wao wawili. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya utalii, na inatoka Würzburg hadi Füssen, chini ya milima ya Alps. Urefu wake ni takriban kilomita 460, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mama ana miaka 67, anatumia dawa za presha mwaka wa tisa sasa, na goti lake la kulia halipendi ngazi.

Siku tano badala ya mbili

Kwenye ramani, safari hii inamalizika kwa siku moja. Mpango wa kwanza wa shemeji ulikuwa siku mbili, miji mitano. Kabla ya kuondoka Dar, mama alimuona daktari wake wa kliniki, na ushauri ulikuwa mmoja: asikae garini muda mrefu bila kushuka, na siku asiyojisikia vizuri iwe ya mapumziko bila mjadala. Tukafanya siku tano.

Kukaa kwa muda mrefu bila kunyoosha miguu si jambo la kupuuza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari, inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini hupanda kwa mtu mzima sana, mnene, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kuganda damu. Uzuri wa njia hii ni kwamba mji mmoja hadi mwingine ni mwendo wa kama saa moja au moja na nusu, kwa hiyo kushuka ni rahisi. Garini, mzungushe mzazi nyayo na kukunja vidole vya miguu mara kwa mara.

Würzburg na picha ya kwanza ya mifupa

Tulianzia Würzburg. Kasri la maaskofu watawala, Residenz, lilianza kujengwa mwaka 1720 na liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Ngazi zake kuu ni pana, mtu mzima anapanda taratibu bila kusukumwa. Juu ya dari, mchoraji Giovanni Battista Tiepolo kutoka Italia alichora mabara manne yaliyojulikana Ulaya wakati ule. Afrika ni mwanamke aliyepanda ngamia. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini hawakumpa hata mtungi wa maji safari yote hiyo.

Mji huu uliteketezwa kwa mabomu Machi 16, 1945, lakini dari hiyo ilisalimika. Kwa mwandishi wa afya, Würzburg ina jambo jingine. Novemba 8, 1895, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen aligundua hapa mionzi ya eksirei. Miongoni mwa picha zake za kwanza ni ya mkono wa mke wake, mifupa na pete vikionekana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na hakutaka hakimiliki ya ugunduzi wake. Nilimwambia mama kuwa picha ya goti lake aliyopigwa hospitali ilianzia mtaa huu. Akasema basi wangegundua na dawa yake.

Ng'ambo ya mto Main kuna ngome ya Marienberg, juu ya kilima cha mizabibu. Hiyo tuliitazama tukiwa darajani. Imetutosha.

Dawa iliyobaki kwenye paketi

Siku ya pili tulikuwa Rothenburg ob der Tauber, mji uliozungukwa na ukuta wa kale ambao watu hutembea juu yake chini ya paa la mbao. Sehemu ya mji na ukuta ilibomolewa kwa mabomu mwaka 1945, na watu wa nchi mbalimbali walichangia kuujenga upya. Majina yao yamechongwa kwenye vibao vya mawe ukutani, na watoto walishindana kutafuta nchi. Barabara zake ni za mawe, zinachosha magoti na kifundo cha mguu, hivyo viatu vyenye soli nene isiyoteleza ni lazima.

Siku ya tatu tulifika Nördlingen. Mji huu umekaa ndani ya shimo kubwa la mviringo, upana wa kilomita 25 hivi, lililochimbwa na kimondo kilichoanguka miaka takriban milioni 15 iliyopita. Wanaanga wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda mwezini na Apollo 14 waliletwa hapa mwaka 1970 kujifunza aina za mawe. Katikati ya mji kuna mnara wa kanisa uitwao Daniel, wenye urefu wa mita 90 na ngazi 350.

Watoto walitaka kupanda. Mama akasema, "Nyie nendeni wanangu, mimi nitawasubiri garini."

Kauli hiyo wengi tumeisikia kwa wazazi wetu. Inasemwa kwa upole, na kwa kuwa ni ya upole tunaikubali haraka. Dada hakuikubali. Alimuuliza kwa nini asikae kwenye mkahawa ulio jirani, na mama akasema kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Mashine ndogo ya kupimia presha tuliyobeba ilisoma 168 kwa 96.

Ilichukua muda kidogo kupata ukweli. Moja ya dawa zake ni ile inayopunguza maji mwilini, ambayo watu huiita dawa ya kukojoza. Siku mbili mfululizo hakuimeza, na maji alikuwa anakunywa kwa kuonja tu. Sababu yake ilikuwa rahisi: hakutaka kumsimamishia mkwewe gari kila mara, tena vyoo vya barabarani vinalipiwa. "Nimekuja kuwatembelea, sijaja kuwasumbua," alisema.

Mnara hatukupanda siku hiyo. Dada alimpigia daktari wake Dar, akaelekeza ameze dozi ya siku hiyo kama kawaida bila kufidia zilizopita, apumzike na apimwe tena. Hadi jioni ilikuwa 144 kwa 88 na kichwa kimetulia.

Kwa wenye mzazi wa presha, kumbukeni kiwango hiki: ikifika 180 kwa 120 au zaidi, halafu kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, kushindwa kuongea vizuri au kuona giza, hiyo ni dharura. Namba ya dharura Ujerumani, na nchi zote za Umoja wa Ulaya, ni 112, na haitozwi.

Baada ya hapo familia iliweka utaratibu. Gari linasimama kila baada ya dakika 90, hata kama hakuna aliyeomba. Watoto wanashuka, baba anashuka, kila mtu anakwenda chooni. Sarafu za euro zikawekwa kwenye kikopo karibu na gia. Mama hakulazimika kuomba tena, na dawa ikamezwa.

Mahali ambapo mzee anatembea kwa raha

Siku ya nne tulilala Augsburg, na hapa ndipo mama alipofurahi kuliko kote. Kuna mtaa uitwao Fuggerei, ulioanzishwa na tajiri Jakob Fugger mwaka 1521 kwa ajili ya Wakatoliki wa mji huo wenye uhitaji. Bado watu wanaishi humo. Kodi ya mwaka mzima, ukiacha gharama kama za umeme na kupasha joto nyumba, ni senti 88 za euro, na mkazi anatakiwa kumwombea mwanzilishi sala tatu kila siku. Baba wa babu yake Mozart, aliyekuwa fundi mwashi, aliishi hapo.

Ni tambarare, nyumba ni fupi, mabenchi yapo na vyoo vipo. Mama alizunguka saa moja na nusu bila kulalamikia goti, akiuliza nani anawapikia wazee wanaoishi peke yao. Ukipanga safari kama hii, kila penye ngazi nyingi weka kesho yake mahali pa namna hii.

Baridi, giza na dawa

Oktoba asubuhi kunaweza kuwa na nyuzijoto chini ya 10, na usiku ikakaribia sifuri. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha, hivyo kofia, soksi nzito na nguo za kuvaa moja juu ya nyingine zinamfaa mzazi kuliko koti moja zito. Wanaotumia insulini wasiiache garini usiku, kwa sababu ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kwenye ndege ikae kwenye begi la mkononi, pamoja na dawa nyingine zote zikiwa ndani ya maboksi yake na barua ya daktari.

Saa za Ujerumani ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinakuwa nyuma kwa saa mbili. Muulize daktari dawa zihamishweje. Baada ya badiliko hilo jua huzama karibu saa 11 jioni, kwa hiyo ngazi na njia za mawe zimalizwe mapema.

Jumapili maduka mengi hufungwa. Duka la dawa lina alama ya herufi A nyekundu, na likifungwa hubandika mlangoni anwani ya lile lenye zamu. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini soma kama inagusa ugonjwa ambao mzazi anao tayari. Kwa madereva, kule wanaendesha kulia, na mtoto wa chini ya miaka 12 aliye mfupi kuliko sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake maalumu.

Kasri la mfalme mpweke

Mwisho wa njia ni Neuschwanstein, kasri jeupe lenye minara ambalo wengi wameliona kwenye kalenda. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga mwaka 1869, na alikaa humo kwa jumla ya siku 172 tu. Juni 1886 jopo la madaktari lilimtangaza kuwa mgonjwa wa akili bila kumpima ana kwa ana, akaondolewa madarakani, na siku chache baadaye yeye na daktari aliyeongoza jopo hilo, Bernhard von Gudden, walikutwa wamekufa katika Ziwa Starnberg. Hadi leo wanahistoria wanabishana juu ya kifo hicho. Wiki chache baadaye kasri lilifunguliwa kwa watazamaji, na mwaka 2025 UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kutoka kijijini kupanda kwa miguu ni dakika 30 hadi 40 za mlima. Kuna mabasi na magari ya farasi, lakini hata hayo hayafiki mlangoni, na ndani kuna ngazi zaidi ya 300 kupanda na kushuka, msafara mzima ukienda kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Anayetumia kiti cha magurudumu awasiliane nao mapema.

Tuligawana. Dada na mtoto mkubwa waliingia kasri. Mimi, shemeji, mama na mdogo tulibaki chini kwenye Ziwa Alpsee, ambako kando ya maji pana njia isiyo na mlima na kasri linaonekana kupitia miti. Mama alitembea taratibu akimwokotea mjukuu majani mekundu. Walipobadilishana zamu shemeji akapanda, dada akabaki na mama. Funguo za gari zilikaa mfukoni mchana kutwa, na hakuna aliyezihitaji.