Hesabu zinazoamua usalama kabla ya ndege kuruka

MNAMO Novemba 28, 2016, ndege aina ya Avro RJ85 ya kampuni ya LaMia iliondoka Santa Cruz nchini Bolivia kuelekea Medellín, Colombia, ikiwa imewabeba wachezaji wa klabu ya soka ya Chapecoense kutoka Brazil.

Ndege hiyo ilianguka mlimani ilipokuwa ikikaribia kutua. Watu 71 kati ya 77 waliokuwemo walifariki. Wachunguzi walibainisha kwamba ilikuwa imeishiwa na mafuta angani.

La kuhuzunisha zaidi ni kuwa hatari hiyo ilikuwa tayari imeandikwa kwenye karatasi. Mpango wa safari uliowasilishwa kabla ya kuondoka ulionyesha kuwa safari ingechukua saa 4 na dakika 22. Muda ambao mafuta yangedumu ulikuwa saa 4 na dakika 22 vilevile.

Mkasa huo ni kielelezo cha umuhimu wa somo ambalo kila anayetafuta leseni ya urubani wa kibiashara hana budi kulifuzu: utendakazi wa ndege na upangaji wa safari. Somo hili hujibu maswali matatu. Je, ndege itaweza kuruka kutoka uwanja huu? Itafika iendako? Na mambo yakiharibika, itaelekea wapi?

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Kwa mwanafunzi anayejifunzia Nairobi, swali la kwanza si dogo. Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa Eldoret umezidi futi 6,900.

Kadiri mahali palivyoinuka, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu, hulipunguzia panga boi uwezo wa kuvuta na kuyapunguzia mabawa uwezo wa kuinua ndege. Joto nalo huongeza wepesi huo.

Kwa mujibu wa vipimo vya kawaida vya angahewa, joto kwenye kimo cha futi 5,500 linatarajiwa kuwa nyuzi 4 pekee. Alasiri yenye joto la nyuzi 27 huifanya ndege kujiendesha kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 8,000.

Kuna kanuni ya makadirio inayotumiwa kwa ndege ndogo: masafa ya kuruka huongezeka kwa asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na asilimia 10 nyingine kwa kila nyuzi 10 za joto la ziada. Hivyo basi, ndege inayohitaji mita 400 ufuoni katika hali ya kawaida ya hewa itahitaji takriban mita 840 alasiri hiyo ya Nairobi.

Isitoshe, uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, masafa ya kuruka huongezeka kwa asilimia 20 hivi. Nyasi, matope, mteremko na upepo unaovuma kutoka nyuma pia huwa na athari. Hata hivyo, makadirio haya hayachukui nafasi ya majedwali yaliyo katika kitabu cha ndege husika.

Hesabu ya mafuta

Chukua mfano wa ndege ndogo inayotoka Wilson kwenda Mombasa, umbali wa takriban kilomita 430. Tuseme kasi yake ni kilomita 215 kwa saa na hutumia lita 40 kila saa. Pasipo upepo, safari itachukua saa 2 na kumaliza lita 80.

Upepo wa mbele wa kilomita 35 kwa saa ukivuma, kasi juu ya ardhi hushuka hadi kilomita 180. Safari sasa itachukua takriban saa 2 na dakika 24, na mafuta yatafika lita 96.

Juu ya hizo, rubani huongeza tuseme lita 4 za kuwasha injini na kutembea uwanjani, lita 5 za dharura ya njiani, ambazo ni asilimia 5 ya mafuta ya safari, na lita 20 za kwenda uwanja mbadala wa Malindi iwapo Mombasa hakutuliki. Mwisho ni akiba ya dakika 45 kwa ndege za injini za pistoni, yaani lita 30. Jumla ni lita 155.

Akiba hiyo ya mwisho haipangiwi matumizi. Ni sehemu hii ambayo ndege ya LaMia haikuwa nayo.

Lakini mafuta nayo ni mzigo. Lita 155 za petroli ya ndege zina uzito wa takriban kilo 112, sawa na mtu mmoja mzima na mizigo yake. Kwa hivyo, mwanafunzi hulazimika kurudi kwenye hesabu ya uzito, na kuhakikisha pia kuwa kitovu cha uzito hakijasogea mbele au nyuma kupita kiasi.

Vipimo navyo vyataka uangalifu. Mnamo Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa na mafuta angani kwa kuwa yalihesabiwa kwa ratili badala ya kilo. Marubani waliielea bila injini hadi Gimli, Canada, na watu wote 69 wakanusurika.

Hesabu zikikataa, rubani ana njia kadhaa: kupunguza abiria au mizigo, kuondoka alfajiri kungali na baridi, kutua njiani kuongeza mafuta, au kuahirisha safari. Njia zote hizo zina gharama, na mara nyingi mwenye mzigo hatafurahi. Lakini uamuzi wa mwisho ni wa rubani kiongozi, na ni heri aufanye ndege ikiwa bado chini.