Ua la Nta na Mkasi Wangu

Mwaka 2009 shangazi yangu wa Mombasa alinikatia kipande cha mmea wake wa hoya, pingili mbili tu, akakizungushia gazeti bichi, nami nikapanda basi la usiku kurudi Nairobi. Utomvu wake, mweupe kama maziwa, uliniachia doa la shati ambalo halikutoka.

Asili ya mmea huu ni Asia, ambako hutambaa juu ya miti mingine. Jina la hoya lilitolewa na mtaalamu Robert Brown mwaka 1810 kwa heshima ya Thomas Hoy, mtunza bustani wa Syon House karibu na London. Ni nadra mtunza bustani kukumbukwa hivyo. Kwa kawaida sifa huenda kwa mwenye shamba!

Wangu ulinisubirisha miaka minne. Jioni moja niliingia nyumbani nikadhani jirani amemwaga manukato. Sisi tuliolelewa na asmini na kilua hatudanganyiki upesi kwa harufu, lakini hii ilinishinda. Dirishani palikuwa na shada la nyota ndogo zenye kitovu chekundu, ziking'aa kana kwamba zimechovywa katika nta.

Maua yalipopukutika, nilikata kikonyo kilichobaki ili mmea upendeze. Mwaka wa pili sikuona ua, wa tatu vivyo hivyo. Shangazi alipokuja aliupapasa, akauliza, "Kikonyo kiko wapi?"

"Nilikikata, shangazi."

"Ala! Mwanangu, umebomoa nyumba ya maua. Yangerudi papo hapo!"

Ndivyo ilivyo, msomaji. Kikonyo kile kile huchanua tena na tena. Hata ule mche mrefu usio na majani usiukate, majani yatafuata. Upande katika chombo kidogo kinachobana mizizi, uupe mwanga wa asubuhi, na usiunyweshe kabla udongo haujakauka.

Maji ndiyo yaliyouua ule wa shangazi. Mwaka 2021 alilazwa hospitali mwezi mzima, na watu wa nyumbani, kwa mapenzi tu, wakaumwagilia kila siku hadi mizizi ikaoza. Nilikata pingili mbili za wangu, nikazifunga kwa gazeti bichi, nikashuka Mombasa. Alizipanda katika mkebe uliotobolewa kwa msumari, pamoja na makumbi ya nazi.

Mwezi uliopita kikonyo cha kwanza kilichomoza. Shangazi amekifunga uzi mwekundu, na mikasi yote ameificha.