Maana ya Chakula cha Kienyeji kwa Walaji wa Tanga

Imezoeleka katika tafiti za masoko kupima chakula cha mahali kwa umbali uliopo kati ya shamba na mlaji. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi kueleza uamuzi wa mlaji wa Tanga, na kwamba kasoro yake huonekana mapema zaidi kwa kuku.

Neno kienyeji lina asili moja na mwenyeji, na kwa sababu hiyo mtafiti hushawishika kulichukua kama tafsiri ya "kinachotoka hapa". Matumizi yanakataa. Kuku wa Singida anayesafirishwa mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam huuzwa kuwa wa kienyeji, wala mnunuzi haoni mgongano wowote. Kuku wa nyama aliyekuzwa katika banda la uani, Tanga mjini, hubaki wa kisasa hata kama hakuwahi kuvuka barabara. Kinachotajwa hapa ni mbegu na malezi: kuku aliyejitafutia, aliyekua polepole, mwenye nyama ngumu na mchuzi wenye ladha. Mlaji yuko tayari kulipa zaidi kwa ajili yake. Hata hivyo, sifa hiyo haihamishiki ovyo. Jambo lililofanywa "kienyeji" ni lile lililofanywa bila utaratibu. Neno linalopandisha bei ya kuku laweza kushusha hadhi ya bidhaa nyingine.

Mlaji anapotaka kutaja mahali, hutaja jina la mahali penyewe. Chungwa ni la Muheza. Ganda lake hubaki na ukijani hata linapoiva, kwa kuwa usiku wa pwani hauna baridi ya kuligeuza rangi, na anayelijua hasumbuki.

Dhana ya tatu, "chakula cha kwetu", ndiyo yenye uzito zaidi. Bada, yaani ugali wa unga wa muhogo uliokaushwa, huhesabiwa na Wadigo na Wabondei kuwa chao, ilhali asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini. Ukwetu wa bada umo katika ujuzi wa kuisonga na kitoweo kinachoandamana nayo. Ugali wa mahindi una historia tofauti. Katika mashamba ya mkonge, zao lililoingizwa na Richard Hindorf mwaka 1893, manamba kutoka mbali walilishwa kwa posho ya unga wa mahindi. Wajukuu wao leo ni wenyeji wa Tanga, na "kwetu" ya mezani kwao haiwezi kukadiriwa kwa ramani.

Wala ukaribu haumaanishi kuaminika. Kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilisumbuliwa na uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Samaki wa baruti ni wa bahari ileile, pengine amevuliwa asubuhi hiyohiyo, lakini mnunuzi mzoefu humkataa akibonyeza nyama na kuiona imelegea.

Dodoso linalouliza tu, "Je, unapendelea chakula cha kienyeji?", litakusanya majibu kuhusu kuku, bada na samaki kana kwamba yanajibu swali moja. Ni afadhali kuanza na bidhaa mojamoja, kisha kumwachia mlaji aseme ni kwa neno gani anaitofautisha na nyingine.