Uko Keroka na Una Miaka 24: Uomoke Kwanza ama Ujibambe Kwanza?

Katiba ya Kenya inasema kijana ni mtu amefika miaka 18 lakini hajafika 35. Hiyo ni miaka 17 pekee, msee. Toa ya chuo, toa ya kutarmac, uone zinabaki ngapi. Ndio maana hii stori haiishi stejini Keroka. Huyu anakuambia ujana ni moshi, ukienda haurudi. Yule anakujibu njaa ya miaka 45 haina huruma.

Wote wako na point. Shida ni kwamba huku hakuna mtu wa kukupangia.

Cheki mtu ameandikwa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya kupumzika kila wiki, na siku 21 za likizo kwa mwaka, akiendelea kulipwa. Sasa wewe je? Keroka ni mji wa soko. Huyu anauza ndizi, huyu ana kinyozi, huyu ako na nduthi. (Na doh iko, usidanganywe. Kaunti mbili, Kisii na Nyamira, haziwezi kugombania ushuru wa mji hauna kitu.) Ukijiajiri, wewe ndio bosi na wewe ndio mfanyakazi, na huyo bosi hajawahi kukuandikia likizo hata siku moja.

Halafu kuna mtego wa doh ya kila siku. Mtu wa mshahara anaona pesa yote mara moja mwisho wa mwezi. Akiilipua, anajua ameilipua. Wewe unaona 800 jioni, inakaa kidogo, unajiambia kesho kuna ingine. 150 ya choma, 100 ya kubeti, bundles, soda ya mrembo. Kufika Ijumaa umetumia pesa ya sherehe kubwa na hukufeel sherehe yoyote. Kwangu hiyo ndio hasara mbaya kushinda zote, kwa sababu hukuomoka na hukujibamba.

Kwa hivyo pea raha bajeti yake, vile unapea stock. Weka 50 kila siku ya kazi. Siku sita ni 300, wiki nne ni 1,200. Iweke mahali huwezi kuigusa, kama akaunti ya kufunga ya M-Shwari, ama kwa chama. Hiyo ikiisha, umemaliza kujibamba mwezi huo. Na isipoisha, usiirudishe kwa bizna! Itumie. Kuna wasee wanajinyima mpaka wanakuwa wakali kwa wateja, na mteja mkali hivyo hamtaki.

1,200 si mingi lakini inafanya kitu. Shabana wakicheza nyumbani Gusii Stadium, panda mat uende Kisii na mabeste, upige kelele ya Tore Bobe mpaka sauti ipotee. Timu ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka 17 kabla irudi 2023, kwa hivyo mashabiki wake wanajua kungoja na wanajua kusherehekea.

Siku ya off nayo usiende mbali kutafuta mfano. Gusii imejaa Waadventista, na kutoka jua likizama Ijumaa mpaka lizame Sato, wengi wao hawafungui duka. Bizna zao bado ziko. Hata kama wewe huendi kanisa hilo, chagua siku yako na uifunge hivyo hivyo.

Kitu kimoja usifanye ni kukopea raha. Hustler Fund ukikopa 1,000, 50 inaenda kwa akiba lakini mkopo wote unafaa kuulipa ndani ya siku 14. Pesa ya hivyo inunue mzigo unauzika. Choma ya Sato haiwezi kujilipa.

Ndoto nazo hazina saa moja. Naftali Temu wa Nyamira alibebea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico 1968, akiwa na miaka 23. Kama kazi yako ni ya mwili, usingoje. Lakini Nyashinski alivuma na Kleptomaniax, akaenda Marekani karibu miaka 10, na 2016 akarudi na Now You Know kama hakuwa amewahi kutoka.

Presha ya nyumbani ndio ngumu zaidi. Mzae anataka ujenge, fees ya wadogo iko, na ukipostiwa ukijibamba simu inalia. Ongea naye mapema, mkubaliane ni ngapi kila mwezi na tarehe gani. Ukishatuma, hauhitaji kujificha.

Na usipange likizo Disemba. Watu wa Nairobi wakirudi ocha, hiyo ndio wiki yako ya kuuza. Wewe enda Mombasa Februari, watoto wako shule, soko limepoa na hoteli zimeshusha bei.